Biskuti ya Mgeni

Kuna Krismasi moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na sitaki mtu aniambie niisahau. Nilikuwa msichana mdogo kwetu Rongai. Nilikuwa nimejua kusoma majuzi tu, na kila kilichoandikwa nilikisoma kwa sauti hadi watu wakaniomba nipumzike: gunia la mbolea, mkebe wa majani ya chai, ukuta wa duka. Nitakusimulia siku hiyo yote leo, Njeri, kwa sababu umekuwa ukiwapigia ndugu zako simu ukiwaambia kwamba Krismasi iliyopita presha ilinipanda, ndiyo maana nikapindua sinia la biskuti. Presha yangu iko sawa. Nilikasirika. Kukasirika si ugonjwa, kwa hivyo usinitafutie daktari.

Kwanza ujue jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Yule mzee mliyemwita Guka, babu yenu aliyewafundisha kukama ng'ombe, hakunizaa. Baba yangu wa damu alifariki nikiwa mchanga, na mama akaolewa Rongai nikiwa bado natembea kwa kushika leso yake. Guka alinilea bila ubaguzi. Nikisema baba, ni yeye ninayemtaja. Lakini boma ni watu wengi, na si wote walikuwa na moyo wake.

Jina langu Wambui nilipewa kwa ajili ya mama wa yule baba aliyefariki, kama desturi yetu inavyotaka. Sasa sikia mambo. Mama wa baba huyu mpya, Shosho wa Rongai, naye aliitwa Wambui. Kila mwana wake alikuwa amempa binti yake jina hilo, kwa hivyo boma zima lilijaa akina Wambui. Ukiita mmoja, wanageuka wote. Mimi nilifurahi sana. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba mtu akiwa na jina kama la wenyewe, basi naye ni mwenyewe.

Krismasi pale nyumbani ilikuwa mali ya Auntie Njoki. Huyu alikuwa dada ya baba. Alikuwa amesoma home science shuleni, akaolewa Nakuru mjini, na kila Desemba alikuja na kikapu chenye vitu ambavyo sisi hatukuviona mwaka mzima: sukari ya icing iliyo laini kama poda, rangi katika vichupa, na vibati vya kukatia unga kwa umbo la nyota na kengele. Biskuti zilichomwa katika sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Zilinukia hadi kwa majirani, na majirani walikuja kusalimia bila sababu yoyote.

Zikishapoa, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Icing ile haikuwa kama ya keki za siku hizi, ambayo ukiigusa inabaki kidoleni. Ni ute mweupe wa mayai uliopigwa pamoja na ile sukari mpaka ukasimama wenyewe, na ikikauka inakuwa ngumu kabisa, unaweza kupanga biskuti moja juu ya nyingine na maandishi yasiharibike. Lakini haitaki mafuta hata chembe. Kiini kikidondoka ndani kidogo tu, au bakuli likiwa na mabaki ya siagi, inalegea na hutaiweza tena. Kwa hivyo Auntie Njoki alipangusa bakuli kwa limau na kutufukuza wote jikoni. Mimi alinifukuza zaidi. Aliniambia mikono yangu ina mafuta. Nikaenda kuosha kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikajikunja, nikarudi, akasema bado ina mafuta. Binamu zangu walikuwa hapo hapo wanalamba mwiko.

Aliandika kwa karatasi aliyoikunja kama ile ya kufungia njugu, ncha yake akaikata kidogo. Kila biskuti ikapata jina la mtoto mmoja. Alikuwa na mwandiko mzuri, sitamnyima haki yake. Zikalala juu ya kabati, zimefunikwa kwa pazia la neti zisiingiwe na vumbi, na mimi nikalala nikiiwazia ya kwangu.

Siku yenyewe tuliporudi kutoka kanisani, Auntie aliweka sinia mezani akatangaza, "Haya, kila mtoto achukue yenye jina lake."

Mimi nilijua kusoma, mwanangu. Nilitangulia. Niliona nyota nzuri imeandikwa Wambui kwa rangi ya waridi, nikaichukua. Nilikuwa hata sijaifikisha mdomoni aliponipiga mkononi, ikaanguka na kuvunjika.

"Weka chini! Nani amekwambia hiyo ni yako?"

"Imeandikwa Wambui," nikasema.

"Najua imeandikwa nini, ni mimi niliandika. Hiyo ni ya Wambui wetu. Wewe jina lako ulikuja nalo."

Nilitazama sinia tena. Zilikuwako za Wambui nyingine, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Ya kwangu haikuwepo. Hakuwa amenisahau. Aliwajua akina Wambui wote, akawahesabu, akaniruka.

Ndugu za baba walikuwa pale, wakatazama vikombe vyao vya chai. Baba alikuwa nje na wageni. Mama yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, amebeba birika, na mimi nikamwangalia nikingoja aseme kitu. Alisema. Alisema, "Wambui, muombe auntie msamaha, usituharibie Krismasi."

Nikaomba msamaha. Niliomba msamaha kwa kulisoma jina langu.

Shosho alikuwa uani akigeuza nyama. Sijui nani alimwambia, au labda alisikia mwenyewe, kwa sababu masikio yake yalisikia hata yasiyomhusu. Aliingia na kisu chake mkononi, aproni imejaa majivu, akasimama katikati ya nyumba.

"Nani anaitwa Wambui humu ndani?"

Binamu zangu wakainua mikono, midomo imejaa. Akaniangalia mimi.

"Na wewe? Wewe huitwi Wambui?"

"Mimi nilikuja nalo, Shosho," nikamjibu. Nilidhani ndilo jibu linalotakiwa.

Sijawahi kuona mwanamke akikasirika vile. Alikitupa kisu juu ya meza, vikombe vikaruka. Akamgeukia Auntie Njoki na kumwambia kwamba jina hilo ni lake, amelivaa tangu kabla Njoki hajaota meno, na kila mtoto anayeitwa hivyo akiwa chini ya paa lake ni wajina wake, awe ametoka tumboni mwa nani. Akamuuliza ni nani aliyempa kazi ya kugawa kitu ambacho si chake. Ndugu mmoja wa baba, yule mkubwa, akajaribu kutuliza mambo.

"Mami, tafadhali. Ni Krismasi, usituharibie siku."

"Niiharibu mimi?" Shosho akamjibu. "Mimi nimeingia sasa hivi, nimeikuta imeharibika. Muulizane nyinyi mliokuwa humu."

Kisha akamgeukia mama yangu, na hapo sauti ikashuka, ikawa mbaya zaidi.

"Na wewe. Huyu amemnyima mtoto biskuti. Wewe umemnyima mdomo."

Mama alilia. Shosho hakumbembeleza. Alinishika mkono akasema, "Twende, wajina," tukatoka wawili mpaka kwenye moto, akanikatia ini kabla ya mtu mwingine yeyote kuonja nyama. Hakurudi ndani siku hiyo. Walimwita mezani akakataa, wakampelekea sahani akaigawia mbwa. Ile biskuti iliyovunjika iliokotwa na kuku, kwa hivyo usidhani hadithi hii inaishia mimi nikipewa nyota yangu. Sikupewa.

Sitaki umfikirie Shosho kama malaika. Alikuwa mkali hata pasipotakikana, aliwahi kugombana na mchungaji kwa sababu ya urefu wa maombi. Lakini siku ile alikuwa mtu mzima pekee katika nyumba iliyojaa watu wazima. Wengine walikuwa wakilinda sherehe. Yeye alimlinda mtoto, na nilipokuja kuwa mama niliapa kwamba nyumbani kwangu hakuna mtoto atakayerukwa.

Sasa tuje kwangu Lanet, Krismasi iliyopita.

Ulikuja kutoka Nairobi na mashine yako ya kupiga mayai, mifuko ya icing yenye midomo ya chuma, na rangi ambazo hata majina yake siyajui. Nilikaa nikakutazama ukifanya kazi na nikajivunia. Una mkono kumshinda Auntie Njoki. Icing yako ilitiririka ikasimama mahali ulipoitaka, mistari imenyooka, na watoto wakazunguka meza wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu wafike. Ndugu yako Kamau alikuwa amekuja kutoka Mai Mahiu, ameacha kazi yake ya kuziba matairi ya malori, na alikuwa amemleta mke wake na binti ya mke wake, Chebet. Ilikuwa Krismasi yao ya kwanza kwangu tangu harusi. Mtoto yule alikuwa ameanza kuniita Shosho bila kuambiwa na mtu.

Baada ya chakula uligawa biskuti. Nilikuwa chumbani natafuta miwani. Nilipotoka, nikawaona watoto wote wanatafuna, midomo ya rangi ya kijani na nyekundu, isipokuwa Chebet. Yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, kisahani juu ya magoti, biskuti nzima ndani yake, anatazama geti.

"Mbona huli, mama?"

"Si yangu, Shosho. Ni ya mgeni. Nimemshikia mpaka afike."

Nikavaa miwani. Mgeni. Uliiandika vizuri, kwa buluu, na maua madogo pembeni.

"Na yako iko wapi?" nikamuuliza.

Akafikiria kidogo. "Yangu labda bado haijakauka."

Njeri, mimi nimezika watu. Nimelala njaa. Lakini sijui kama nimewahi kuumia kama nilivyoumia pale mlangoni. Nilimwacha na kisahani kile nikaja jikoni kukuuliza, na unakumbuka ulichoniambia.

"Aki mum, sikuwa sure jina lake linaandikwa aje. Nikaona 'mgeni' iko poa, si ni ya heshima?"

"Chebet," nikakwambia. "Herufi sita. Mgeni ni tano. Umeokoa herufi moja."

"Mum, wacha basi. Ni icing tu. Na ni Krismasi, usiharibu."

Hapo ndipo sinia lilipopinduka. Usiseme liliteleza, kama ulivyomwambia mume wako. Nililipindua kwa mikono yangu miwili, na biskuti zote zilizokuwa zimebaki, na kengele zako, na nyota zako, zikaenda chini ya friji. Kama kungekuwa na sinia lingine ningelipindua pia.

Mama Chebet aliingia chumbani akakunja nguo za mtoto taratibu, hakuna aliyemfukuza. Akaniambia, "Hakuna shida, mum. Tumezoea." Ningependa kama angenitukana. Mtu akikwambia amezoea, anakwambia kwamba alilitarajia hilo kutoka kwako. Kamau aliwasha gari bila kukuaga, na Chebet akanipa kile kisahani kupitia dirishani akanisihi nimpe mgeni akifika. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena kwangu. Kamau huja peke yake, hukaa kidogo, hunywa chai, huondoka.

Ulisema neno hilo ni la heshima. Sehemu nyingine, sawa. Mtu akiitwa mgeni anatandikiwa kitambaa na kuchinjiwa kuku. Lakini sisi watu wa hapa tunajua limefanya kazi gani nyingine. Kulikuwa na miaka ambayo uchaguzi ukikaribia, watu wanaanza kusema wageni warudi kwao, na wageni hao walikuwa sisi, katika shamba ambalo kitovu cha kaka yako kimezikwa. Wewe nilikubeba mgongoni tukalala uani mwa kanisa na sufuria moja na godoro moja. Utasema waliotuita hivyo ni watu wa kabila la Mama Chebet. Ndiyo, walikuwa wa kabila lake. Na aliyetubebea godoro lile kwenye trekta yake, usiku akirudi kulala macho wazi kwa kuwaogopa watu wake, alikuwa wa kabila hilo hilo. Sasa wewe uliyebebwa mgongoni ndiye umemwandikia mtoto wa miaka sita neno lile lile, ukalipamba kwa maua. Kama ungemtukana, angalau angejua ametukanwa. Wewe ulimpa tusi tamu mpaka akalishika kwa adabu akangoja mwenyewe aje.

Unaniambia hukukusudia. Nakuamini, na ndiyo maana nina hasira zaidi. Auntie Njoki alijua alichokifanya. Wewe hukufikiria hata kidogo. Mtoto alikuwa kwenye meza hiyo hiyo, anakushikia vikopo vya rangi, na hukuona sababu ya kumuuliza, "Chebet, jina lako linaandikwa vipi?" Angekuandikia mwenyewe kwa kidole kwenye unga. Ameanza kusoma, na mtoto aliyeanza kusoma hakuna kitu anachokipenda kama kuulizwa hivyo.

Kwa hivyo sikia, mwanangu, na uwaambie na wenzako mnaojua kupamba. Ukishika mfuko wa icing, andika jina la kila mtoto aliye ndani ya nyumba, wa kuzaliwa na wa kuletwa, wa dada yako na wa anayekufulia nguo. Hulijui, uliza. Kuuliza ni haraka kuliko kutenganisha ute na kiini. Na kama hutaki kuyaandika yote, usiandike hata moja, chora maua upumzike. Jina likishaandikwa la mmoja, wengine wote wanatafuta lao, na hakuna mtoto asiyejua kutafuta.

Lingine ni hili la kuharibu Krismasi. Nimelisikia nikiwa mtoto, nimelisikia nikiwa mzee, na kila mara anayeambiwa ni yule aliyeumizwa au yule aliyemtetea. Aliyeumiza haambiwi kitu, anaongezewa chai. Ukimuona mtu amekasirika katikati ya sherehe, usikimbilie kumtuliza. Muulize amekuta nini. Na usimlazimishe mtoto wako kuomba msamaha ili watu wazima wale kwa amani. Mama yangu alinipenda, najua, na alikuwa mwoga kwa sababu nafasi yake pale ilikuwa ndogo. Hata hivyo alikufa nikiwa sijamwambia nimemsamehe kwa jambo hilo, na sina hakika kama nilikuwa nimemsamehe.

Krismasi ya mwaka huu sitapika Lanet. Nimeshazungumza na Mama Chebet, nikamuomba anikaribishe kwake Mai Mahiu, akasema niende. Ukitaka kula na mama yako, utakuja huko. Kabla hujanisalimia mimi, uchuchumae mbele ya yule mtoto umwambie ulikosa. Usimwambie "kama nilikukosea." Umwambie ulikosa, ulitaje kosa lenyewe, na uwaache watoto wako wakusikie, hasa huyo uliyempa jina langu. Sijui Chebet atakujibu nini, na usimharakishe. Mama yake atakupokea, namjua ni mtu wa aina gani. Atakupa kiti kizuri na kikombe cha kwanza cha chai, na utakaa hapo, kwa ndugu yako wa tumbo moja, ukijua uzito wa kuitwa mgeni.

Mungu akubariki, binti yangu. Akutunzie huo mkono wako mzuri, na moyo wako aufanye ufanane nao. Akuzeeshe mpaka wajukuu wakujazie nyumba, na asikuache usahau jina la hata mmoja wao. Na siku mtu wa nyumbani kwako atakapomdharau mtoto asiyeweza kujitetea, wakati kila mtu anakusihi unyamaze, Mungu akupe hasira.